Mkorofi Ana Presha

3 Machi

Mume wangu Mwalimu,

Hujambo huko uliko? Sisi huku wazima, ila binti yako jino la mbele limeng'oka na sasa hataki kuitwa kwa jina lake. Anataka aitwe Kibogoyo. Nimejaribu kukataa, nikashindwa. Shuleni wameshaandika hivyo kwenye daftari la hesabu.

Haya, tulikubaliana tuandikiane barua, naandika. Simu imetushinda. Kila tukipigiana mmoja anakata, na kesho yake tunabishana nani alikata. Barua haikatwi. Nitakuwa naiacha ofisi ya mabasi, nawe utaichukua huko stendi.

Sasa habari ya kazi, maana ni kubwa. Mkuu wa kitengo amenikabidhi mpango mzima wa kukagua mabomba ya presha ya majitaka. Mimi! Ngoja nikueleze vizuri, najua ukisikia majitaka unaziba pua. Mabomba mengi ya mji huu yanateremka tu. Uchafu unashuka wenyewe, na ukifunua chemba unaona kila kitu. Lakini kule bondeni uchafu hauwezi kupanda kilima kwa miguu yake, kwa hiyo kuna pampu zinausukuma. Hayo ndiyo mabomba ya presha. Yamejaa muda wote, hayana mahali pa kuchungulia, na huwezi kuyasimamisha kwa muda mrefu kwa sababu kisima cha pampu kitafurika mpaka uani kwa watu. Matokeo yake yalifukiwa yakasahauliwa. Siku yakipasuka ndipo kila mtu anakumbuka kuwa yapo.

Namba zake kwenye ramani zinafanana mno, basi mafundi wameyapa majina. Kuna Mapacha, mawili yaendayo sambamba. Kuna Bi Harusi, jipya kabisa, la plastiki, linatoka kwenye zile nyumba nzuri za upande wa juu. Na yupo Mkorofi. Huyo ni bomba la chuma, kongwe kuliko yote, linapita chini ya soko, linapanda mpaka kilimani penye zahanati. Na kwa kuwa tumewapa majina, tunawasema kama watu: Mkorofi kanuna leo, Bi Harusi hana maneno. Utazoea.

Kazi yangu ni kuamua nani aanze kukaguliwa, kwa chombo gani, na pampu zizimwe lini. Mkuu aliniambia kitu kimoja: usianze kuuliza bomba linavuja wapi, uliza mara ya mwisho liliangaliwa lini. Nikazunguka kuuliza, moja baada ya jingine. Habari za Mkorofi hakuna anayezikumbuka.

Na uhamisho wako umefikia wapi? Mwalimu, hii nyumba bila wewe ina mwangwi. Jaza hizo fomu zao, uje. Nimekukumbuka.

Mkeo,
Mama Kibogoyo (sina la kufanya)


11 Machi

Mke wangu mpenzi,

Barua yako imefika na nimeisoma yote kwa makini. Nimecheka sana habari ya Kibogoyo. Mwambie baba yake alikuwa kibogoyo mpaka darasa la tatu na bado alipata mke mzuri.

Hongera kwa kazi mpya. Mabomba ni muhimu sana kwa maendeleo.

Huku nyumba za walimu ni zile zile, bati linavuja pale pale juu ya kitanda, nimehamisha kitanda badala ya bati. Niliugua homa wiki iliyopita lakini usiwe na wasiwasi. Nilinunuliwa dawa, nikapikiwa uji, nikafuliwa hata mashuka, na sasa ni mzima kama kigingi.

Nimebakiza habari tamu. Afisa elimu ameniita. Kuna nafasi moja tu ya uhamisho kuja huko mjini, na jina la kwanza ni langu. Ninachotakiwa ni kukubali kwa maandishi kabla ya Aprili kwisha. Nitajibu kwa mwandiko wangu bora. Niandalie nafasi kabatini, maana najua umeshaijaza magauni.

Wako,
Mwalimu


24 Machi

Mume wangu,

Jirani zetu walidhani tumevamiwa, kwa kelele tulizopiga. Kibogoyo ameshatoa magauni yangu kabatini kayatupa chini. Jibu upesi, hao watu wa elimu hubadilika kama kinyonga. Na pole kwa homa. Nani alikupikia uji? Mshukuru kwa niaba yangu.

Mimi siwezi kukuficha, siku hizi kichwani nina mmoja tu, Mkorofi. Jana nimeshinda naye kutwa. Nilimfuata kwa miguu kutoka bondeni hadi kilimani, jua la utosi, viatu vikanivunjikia njiani. Ni mtu mzima, ngozi imechakaa, lakini nguvu anazo! Nilimwekea sikio nikamsikiliza, moyo ukanienda mbio. Ananguruma kwa ndani kama mtu mwenye neno asilotaka kulisema. Presha anayo, hilo tunalijua. Ninachohofia mimi ni gesi, imemjaa kule juu.

Wenzangu wanasema huyo kazeeka, tumwache, twende kwa Bi Harusi ambaye ni mpya na hasumbui. Nikagoma. Nikasimama mbele ya mkuu na watu wote nikasema, Mkorofi kwanza, wengine baadaye. Mkuu akacheka, akasema naona umempenda. Nikamwambia ndiyo, nimempenda, na kama hamtaki nipeni mimi nimshughulikie peke yangu!

Basi wamekubali. Jumapili ya pili ya Aprili, alfajiri, tutazima kila kitu nimpime kwa utulivu. Kibogoyo nitampeleka akalale kwa dada. Niombee, Mwalimu. Huyu akinishinda nitaaibika mji mzima.

Nimekukumbuka mpaka basi.

Mama Kibogoyo


2 Aprili

Mke wangu, kama bado naruhusiwa kukuita hivyo,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya nne niliisoma kwa kalamu nyekundu.

Umeandika "nimeshinda naye". Umeandika "nilimfuata", "nilimwekea sikio", "anazo". Ngeli ya A-WA, mke wangu! Ngeli ya watu na wanyama! Ingekuwa LI-YA ningelala. Ingekuwa KI-VI ningelala na kukoroma. Lakini huyu wako ni kiumbe hai, na paka hawezi kuwa, maana paka hana presha.

Ulimwekea sikio wapi? Kifuani? Mimi mumeo niliyekuwa nalalamika kifua mwaka mzima uliniambia ninywe maji ya moto. "Ni mtu mzima, ngozi imechakaa." Yaani hata kijana hukupata! Ningeibiwa na kijana ningesema basi, ujana. Naibiwa na mzee mwenye presha na gesi tumboni. Na huyo Bi Harusi ndiye mkewe? Mke mpya kabisa, hasumbui mtu, nanyi mnapangiana zamu na mumewe? Halafu unasimama mbele ya bosi wako unatangaza "nimempenda", watu wanacheka, na mimi huku najivuna kwa walimu wenzangu kwamba mke wangu ni mtu wa heshima zake.

Jumapili alfajiri mtoto halali nyumbani, nanyi mnazima kila kitu. Mnazima nini? Taa?

Silali. Juzi mwanafunzi kaandika sentensi nzuri kabisa, "Ng'ombe wa jirani ni mkorofi," nikampa sifuri. Mtoto wa watu akalia, na mimi nikatoka nje nisimwone.

Unaniambia niombe. Niombe nini, apone?

Nimeshamwandikia afisa elimu. Nimemwambia sihami. Nihamie wapi? Nije nimsaidie Mkorofi kubeba dawa zake?

Mwalimu


9 Aprili

Mwalimu,

Barua yako niliifungulia kituo cha pampu. Nilicheka mpaka fundi akazima mashine kuja kuangalia nimepatwa na nini. Nikamsomea pale penye paka, naye akakaa chini. Kisha nikafika pale ulipoandika "sihami", na kicheko kikanikatika.

Umekataa uhamisho. Kwa ajili ya wivu wa bomba la chuma, la kubebea mavi.

Toa barua yangu ya tarehe tatu Machi. Isome habari ile, kisha ujibu maswali yafuatayo, kama unavyowaandikia watoto wa watu ubaoni. Moja, Mkorofi ni nani? Mbili, ametengenezwa kwa kitu gani? Tatu, Bi Harusi anatoka wapi na amebeba nini? Nne, mwandishi alieleza haya yote katika barua ya kwanza kwa kurasa mbili. Je, msomaji "aliyeisoma yote kwa makini" alikuwa wapi? Alama za swali la nne ni nyingi kuliko zote.

Umemaliza? Sasa tuje kwako, maana kalamu nyekundu hata mimi ninayo.

"Nilinunuliwa dawa, nikapikiwa uji, nikafuliwa hata mashuka." Wewe ndiye uliyenifundisha tukiwa wachumba, pale kwenye ngazi za maktaba, kwamba kauli ya kutendewa bila "na" ni nyumba isiyo na mlango: mtu yumo ndani lakini hatoki. Nilikuuliza kwa upole, nani alikupikia uji? Ukanijibu kurasa mbili za ngeli. Umepikiwa NA nani, Mwalimu? Mtenda yuko wapi?

Dawa mtu anaweza kukununulia kwa kuwa yu njiani kwenda dukani. Uji mtu anaweza kumpikia jirani kwa huruma. Mashuka hayafuliwi kwa huruma. Mtu akifua mashuka yako ameingia chumbani, ameyatoa kitandani, ameyatandika tena. Hilo nimelifikiria usiku kucha na nikaamka nalifikiria. Najua nina wivu, sioni haya kusema, unanichoma hapa. Na afadhali wako ulikuwa wa bomba. Wangu una mtu ndani yake.

Unajua Mkorofi anaumwa nini? Maana sasa utasoma, najua. Kule chini alikojaa majitaka, chuma chake ni kizima. Nahisi analiwa na kutu kule juu kilimani, ambako hewa chafu imekwama na majitaka hayafiki. Ndipo kila mtu anadhani pako salama kwa sababu ni pakavu na hapana kelele. Jumapili tutazima pampu tummezeshe mpira wa duara wenye sikio la umeme ndani yake, kisha tuziwashe taratibu zimsukume mpaka mwisho, nasi tutajua.

Nenda kwa afisa elimu leo hii. Mwambie uliugua tena, mwambie ulipagawa, mwambie lolote. Kibogoyo ameacha nusu ya kabati wazi na kila mtu akijaribu kuweka kitu anapiga kelele.

Mkeo,
ambaye hajapimwa na mtu


20 Aprili

Mke wangu,

Majibu. Moja, Mkorofi ni bomba. Mbili, chuma. Tatu, anatoka kwenye nyumba nzuri na amebeba kile ambacho hata nyumba nzuri hutoa. Nne, msomaji aliruka. Huwa naruka, mke wangu. Siku zote. Nikiona neno "pampu" macho yanateleza yenyewe mpaka chini, pale unapoandika umenikumbuka. Mtoto akinifanyia hivyo darasani namsimamisha pembeni. Nimeisoma barua ile sasa, neno kwa neno, na ni nzuri. Sikujua kazi yako ni nzito namna hiyo. Nimeona aibu, na haya siyaandiki ili unihurumie.

Swali lako la pili halina ngeli ya kujifichia. Mtenda ni mwalimu wa Hisabati, wa nyumba ya pili kutoka kwangu. Ni mwanamke. Hana mume. Nilipougua aliingia, akaona hali yangu, akafanya aliyoyafanya, na mashuka aliyafua yeye. Hakuna lingine lililotokea, nakuapia kwa jino la Kibogoyo. Lakini sikumtaja, na hili ndilo unalotaka kujua. Sikumtaja kwa sababu nilijua utauliza, na nilijua ukiniuliza nitasita. Kuhudumiwa kulinipendeza. Basi, nimesema.

Nilikwenda kwa afisa elimu siku ile ile niliyopata barua yako. Nikamkuta na kikombe chake cha chai. Akaniambia, Mwalimu, nafasi yako imeshapata mwenyewe. Uliikataa asubuhi, mchana tukaitangaza, jioni kuna mtu alikuwa hapa na barua ya maombi. Nikauliza nani.

Ni yeye. Mwalimu wa Hisabati. Anaanza huko mwanzoni mwa Mei, shule ile ile iliyokuwa yangu, ile ya Kibogoyo. Ndiye anayekuletea barua hii kwa mkono wake, pamoja na sweta niliyomnunulia mtoto. Nilifikiria kuituma kwa basi, nikaona hapo nitakuwa naficha tena.

Usimfungie mlango. Au mfungie, utakavyoona mwenyewe.

Mkorofi amesemaje?

Mumeo mjinga,
Mwalimu


6 Mei

Mwalimu,

Mtenda amefika.

Alinitumia ujumbe kwamba atapita Jumamosi. Nikafagia nyumba mara mbili. Nikasuka nywele. Nikavaa lile gauni la bluu ambalo wewe hujaliona bado, nikapaka na wanja, yote hayo kwa ajili ya mwanamke mwenzangu! Dada yangu alipita akaniuliza kuna harusi wapi. Nikamwambia nina ukaguzi.

Nilitaka awe mbaya wa sura. Si mbaya. Ni mfupi, ana miwani, ana sauti ya taratibu ya watu wasiobishana na wanafunzi. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akanipa barua yako kwa mikono miwili. Nikaisoma mbele yake, naye akawa anatazama ukuta. Nilipomaliza akasema, "Dada, najua yaliyomo. Sijaisoma, ila ningekuwa wewe ningeniuliza."

Nikamuuliza. Akaniambia, "Mumeo hana habari na mtu. Anakutaja mpaka unachosha. Mimi najua jino la binti yako lilitoka upande gani. Siku za homa alikuwa ananiita kwa jina lako, nami niliitika mara moja, nisiwe mwongo. Mara moja tu. Kesho yake nikaanza kutafuta uhamisho." Alisema hivyo kavu kavu, kama anayesoma jibu la hesabu. Nikashindwa kumchukia, na hilo likanikasirisha kuliko yote.

Kabla ya mengine, umeuliza habari za Mkorofi. Tulimpima, mpira ukapita salama, njia nzima hana tone linalovuja. Ila pale kilimani, karibu kabisa na ukuta wa zahanati, ukasikia hewa. Tukachimba. Fundi akagonga mgongo wa bomba kwa nyundo ndogo, polepole, na nyundo ikaingia. Chuma chote kilikuwa kimeliwa kutoka ndani, imebaki rangi. Upande wa nje ulikuwa unang'aa. Tumekata kipande kile tukaweka kipya, na tumemfungia vali ya kutolea hewa, apumue. Mkuu ameniambia mbele ya wote kwamba ningeanza na Bi Harusi, wagonjwa wangekuwa wanaogelea. Nilitaka uwepo uone.

Sasa hapa usiruke.

Kibogoyo aliomba uji, nikapika wa kutosha watu watatu. Nikamimina, nikachukua bakuli la sukari nikamkaribisha mgeni. Akasema, "Asante, mimi nimezoea bila. Hata Mwalimu hatumii, anasema ikizidi inamkereketa koo." Akaendelea kunywa. Hakujua amesema nini. Mimi nikabaki na kijiko hewani mpaka mtoto akaniuliza, mama, vipi?

Tangu tuoane nakuwekea vijiko viwili vilivyojaa. Unakunywa, unafuta mdomo, unasema asante mke wangu. Hujawahi kukataa hata siku moja. Mashuka nimeshayasamehe, Mwalimu, na ile siku aliyoitika kwa jina langu nitaisamehe, niachie muda. Hii ya sukari imekataa kushuka. Nimelala nayo siku nne.

Nilizunguka kitengo kizima kuuliza mabomba ya watu yaliangaliwa lini. Sikuwahi kuuliza nyumbani kwangu.

Likizo ya mwezi wa sita njoo. Nusu ya kabati bado iko wazi, na Kibogoyo anailinda kwa fimbo. Nitapika uji, bakuli la sukari nitaliacha jikoni, na utaniambia uliacha lini. Niambie wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. La pili kama hili sitaki kulisikia kwa mgeni.

Mkeo,
Mama Kibogoyo